Kila Kituo Kilisema Nzuri

Ninyi mnaoanza kazi kwenye ofisi za miradi, lazeni simu zenu kifudifudi kidogo mnisikilize. Sitawachosha na masomo ya darasani, hayo mnayo, na mengi mmeyapata bora kuliko tuliyopewa sisi. Nataka kuwaeleza jinsi mkono wangu ulivyoingia kwenye mahindi pale Mpitimbi, na jinsi nilivyoutoa kwa kasi kama mtu aliyegusa sufuria ya uji jikoni.

Mahindi yalikuwa ya moto.

Nilikuwa juu ya ngazi, nimeinama kwenye mdomo wa kihenge cha chuma, nusu ya mwili iko ndani. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Songea ya mwezi wa saba mnaijua; nilikuwa na sweta, na juu ya sweta nimejifunga kitenge. Lakini mle ndani palikuwa na joto la pumzi ya mgonjwa wa homa, na harufu ya togwa iliyosahauliwa kwenye ndoo ikachacha. Osmund, afisa mwenzangu, aliuliza kutoka chini, "Mama, picha vipi? Mwanga unatosha?" Tulikuwa tumekuja kupiga picha tu. Asubuhi ileile, kabla ya kupanda gari, nilisimama mbele ya ubao wetu ofisini Lizaboni, mjini Songea, na Mpitimbi ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake kazi inakwenda vizuri. Mpitimbi ilikuwa ya kijani tangu tulipoanza.

Nishuke kwenye ngazi kwanza niwaeleze tulikuwa nani, maana mtu akisikia "ofisi ya usimamizi wa miradi" hudhani ni mahali pa kunywea chai na kuchora majedwali. Shirika letu lilihifadhi mahindi ya wakulima. Miaka yote tuliyaweka kwenye magunia, kwenye maghala ya kupanga. Panya walikula, dumuzi walikula, na mwisho wa msimu wote tuliokuwa tukilinda tulibaki tukifagia unga. Wakubwa wakaamua tuhamie kwenye vihenge vya chuma. Uamuzi ulikuwa mzuri, hadi leo nasema hivyo. Lakini uamuzi wa mezani hauna miguu. Mtu lazima autembeze mpaka kwa yule atakayefungua mfuniko na kumwaga gunia la kwanza, halafu arudi na habari ya yaliyompata mtu huyo, wa mezani wapate kugeuza mpango mapema. Kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo ofisi ya miradi. Wengi wanaujua mguu wa kwenda. Mguu wa kurudi ndio uliotuvunjikia, nasi hatukujua.

Na ninyi mnapenda sana lile neno la wepesi, kwamba shirika liwe jepesi kugeuka. Ni neno zuri. Lakini hata dereva mwepesi hawezi kukata kona kama kioo cha mbele kimebandikwa karatasi ya kijani.

Pale kituoni Mpitimbi mtunzaji alikuwa dada mmoja tuliyemwita Mama Kolumba. Alikuwa mjane, analea wajukuu, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde na ulimi usiomwogopa mtu. Vihenge vilipoletwa, majirani walivikataa. Walisema mahindi hayawezi kulala ndani ya bati, yatakosa hewa. Mama Kolumba ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, akatanguliza mahindi yake mwenyewe, akasema, "Yakiharibika, njooni mle kwangu." Watu wakamwaga. Chakula cha kaya zile, mpaka mavuno mengine, kilikuwa ndani ya bati lile kwa neno la mwanamke mmoja. Kwa hiyo mkono wangu ulipotoka mle na joto, kitu cha kwanza kilichonijia si shirika wala wakubwa. Niliona watu wamebeba sahani, wanaelekea kwake.

Nilishuka. Nilimwomba Mama Kolumba nondo. Hili niliwahi kufundishwa na mzee mmoja wa maghala, naye hakuwa mtu wa maneno mengi: choma nondo ndani ya mahindi mpaka chini, iache muda wa kunywa kikombe cha chai, ichomoe, uishike kwa kiganja kuanzia ncha mpaka juu. Nondo itakuambia joto limelala wapi. Tuliichoma, tukasubiri, nikaichomoa. Ncha ilikuwa ya baridi. Katikati sikuweza kuishikilia kwa raha.

"Dada Kolumba," nikamwambia, "joto hili limeanza lini?"

"Siku nyingi," akasema. "Kwanza lilikuwa jasho tu kwenye mfuniko. Halafu ikaja harufu."

Aliyasema bila kuficha, kama anayeeleza habari za mvua. Nikakaa kwenye gunia tupu.

"Na Osmund hapa si hukupigia kila Jumatatu?"

"Hupiga. Kijana mzuri, hajawahi kuruka."

"Na anakuuliza?"

"Ananiuliza, 'Shikamoo mama, habari ya vihenge?'"

"Unamjibuje?"

"Namjibu nzuri."

Osmund akadakia, amekwishaanza kubadilika rangi, "Mama, sasa kwa nini unaniambia nzuri na unajua kuna harufu?"

Mama Kolumba akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Ulitaka nijibuje? Mtu anakusalimia, unaanza kumtapikia matatizo kabla salamu haijaisha? Mimi sikulelewa hivyo. Unasema nzuri, ndipo mnaongea."

"Mbona hukuongea?"

"Simu ilikuwa imeshakatika."

Kuku alipita kati yetu akidonoa punje.

"Wewe Osmund," Mama Kolumba akaendelea, na sasa alikuwa anamfundisha, hakuwa na hasira, "kwenu mtu amefiwa usiku. Asubuhi unampigia, habari ya huko. Anakuambiaje?"

Osmund akakuna shingo. "Anasema nzuri."

"Halafu?"

"Halafu anasema, ila mzee ametutoka."

"Haya. Mimi 'ila' yangu nimekaa nayo mdomoni tangu mwezi wa sita. Kila Jumatatu navuta pumzi niiseme, nasikia tu-tu-tu."

Wanangu, nimefanya kazi miaka mingi na nimeona mengi ya kushangaza, lakini sijawahi kuduwaa kama pale. Tungekuwa tumeletwa na ndege kutoka nchi nyingine ningeelewa. Sisi sote tulizaliwa hapahapa. Mimi mwenyewe nilipompoteza mume wangu nilijibu "nzuri" kwa kila aliyenipigia, kisha nikalia. Osmund ni wa hapa. Mkuu wetu wa ofisi, Bi Stella, ni wa hapa, shule zake zote kabla ya chuo kasoma mkoa huu. Tulijua kwamba "nzuri" ni hodi, na kwamba mwenye habari hajaanza kusema. Tulijua kwa damu. Tukaingia ofisini, tukavua tunachokijua mlangoni kama watu wanaovua viatu.

Nisimwonee Bi Stella. Alikuwa na sababu. Zamani simu za Jumatatu zilikula asubuhi nzima. Unapiga kituo, unauliza ya nyumbani, ya mbuzi, ya mtoto aliyefaulu, ya padre aliyehamishwa, na mpaka ufike kwenye kazi salio limekwisha na chai imepoa. Wakubwa wakawa wanalalamika taarifa zetu zinachelewa. Akasema, swali moja kwa kila kituo, jibu moja, rangi moja ubaoni. Taarifa zikaanza kutoka kabla ya chai. Wakubwa wakatusifu, nasi tukajisifu. Tulikata salamu tukidhani tunakata maneno ya bure, kumbe ndani ya maneno ya bure ndimo kazi ilimokuwa imekaa.

Nikamwuliza Mama Kolumba kitu kingine ambacho kilikuwa kinaniwasha. Kila kituo tulikuwa tumekipa kipima unyevu, kifaa kidogo: unaweka punje, kinakuambia kama mahindi yamekauka vya kutosha kuingia kwenye kihenge. Kile kifaa kilisema nini siku ya kumwaga?

Akaingia ndani, akarudi amekibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kilikuwa kwenye boksi lake, boksi kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye kanga, na kanga imefungwa fundo.

"Kipo salama," akasema kwa fahari. "Hakijaguswa."

Osmund alicheka kwa bahati mbaya, nami nikamkanyaga. Lakini nilikuwa na hamu ya kucheka na kulia pamoja. Siku tuliyokikabidhi tulimsainisha, tukamwambia ni kifaa cha gharama, kikiharibika atawajibika. Angefanyaje? Nani kati yenu hana kwa mama yake makochi yaliyobaki na nailoni tangu dukani? Tulimkabidhi hofu, naye akaitunza vizuri.

Basi mahindi yalipimwaje? Hayakupimwa. Mpango ulisema vihenge vijae kabla mwezi wa sita haujaisha, na mwaka ule mvua zilichelewa kuondoka. Mahindi yalivunwa yakiwa na maji. Mama Kolumba aliyaona, akayang'ata, jino likazama. Lakini tarehe ilikuwa imetoka ofisini, na ubao wetu ulikuwa unasubiri. "Nilisema labda chuma kinayakausha," akaniambia. "Maana mlisema ni cha kisasa." Hapo ndipo na yeye alipokosea, na alikubali.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa bado. Ijumaa ya wiki ile palikuwa na kikao. Vituo vyote vikiwa kijani, wakubwa wangeidhinisha awamu ya pili: magunia yote yaliyobaki ghalani kila kituo yamwagwe kwenye vihenge, na maghala yarudishwe kwa wenyewe. Vituo vyote vilikuwa kijani. Nikamgeukia Osmund.

"Mpigie Mzee Salum, Namtumbo. Weka sauti ya juu."

Mzee Salum alikuwa mtunzaji wa kule, mkulima wa tumbaku aliyeingia kwenye mahindi uzeeni, mtu mpole mno. Osmund akapiga. "Asalaam aleikum, mzee. Shikamoo."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba."

"Habari ya vihenge?"

"Nzuri, alhamdulillah."

Osmund akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni. Tukanyamaza, sisi watatu na yule kuku. Simu nayo ikanyamaza. Nilidhani amekata.

"Hujakata?" Mzee Salum akauliza.

"Sijakata, mzee."

"Leo si Jumatatu."

"Si Jumatatu, mzee. Nakusikiliza."

Kisha akasema, "Basi ngoja nifunge mlango."

Tukasikia bawaba, tukasikia kiti kinavutwa. Halafu akatoa yote. Kihenge cha pili kinanuka. Vijana wanakikwepa. Alimwomba Mungu kila siku kipoe. Hakutaka kuwa yeye wa kwanza kuharibu kazi ya watu, kwa sababu kila alipokuja mjini alikuta ubao una kijani kwa wenzake wote. Na Mama Kolumba, aliyekuwa amesimama karibu yangu, akasema kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo, "Na mimi nilifikiri ni mimi peke yangu."

Tulirudi mjini. Bi Stella alikuwa anaandaa kikao. Nilimwekea kiganjani punje nilizochukua kutoka katikati ya kihenge. Zilikuwa na ukungu wa kijani. Alizitazama muda mrefu, kisha akauliza kitu kimoja tu, "Na wengine?" Nikamwambia hatujui, maana hatujawahi kuwauliza. Nilijiandaa kwa ugomvi. Sikuupata. Akaenda ubaoni, akaanza kubandua vibandiko vya kijani kimoja kimoja. Vyote, hata vya vituo ambavyo hatukuwa na habari zao. Ubao ukabaki mweupe. Halafu akachukua simu, akamwambia mkubwa wake kwamba awamu ya pili isimame, na alipoulizwa mradi una rangi gani akajibu, "Hauna rangi. Ndiyo kwanza tunaanza kuutazama."

Kesho yake tulikuwa Mpitimbi na maturubai, na wenzetu wengine Namtumbo kwa Mzee Salum. Jua la kiangazi lilitusaidia. Tuliyatoa mahindi yote, tukayatandaza, na kifaa kikavuliwa kanga. Bi Stella alimkabidhi Mama Kolumba kifaa hicho mbele ya watu akasema, "Kikivunjika kikiwa kazini, kimevunjika kazini." Mama Kolumba aliogopa kukigusa mara ya kwanza. Mara ya tatu alikuwa anamfokea Osmund kwa kukishika vibaya.

Nataka mjifunze na hili, ambalo halihitaji kifaa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje mpaka robo, tia chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini yote, yamekauka. Niliwaonyesha majirani, na watoto waligombania chupa siku nzima.

Mengi yalipona. Ya katikati na ya juu kabisa hayakupona. Hapo likaja jambo gumu. Baba mmoja akasema, "Hayo ya ukungu tugawieni, tukapikie pombe. Mbona tumeyala tangu utoto?" Wengine wakaitikia. Nilieleza mpaka nikakauka koo: ukungu ule una sumu, tunaiita sumukuvu, inakula ini polepole, na haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa kuchachua, na kuku ukimpa inakurudia mezani. Baba yule akasema, "Kwa hiyo tumwage chakula, na aliyesema tule kwake ni huyu." Akamwonyesha Mama Kolumba kwa kidole.

Mama Kolumba hakujificha. "Nilisema," akajibu. "Na mahindi yangu ndiyo yalimwagwa kwanza, kwa hiyo yako humo humo. Mnataka kunila, subirini zamu, wajukuu wametangulia." Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi. Ndipo Bi Stella akasimama. Alieleza kila kitu bila kupamba: tarehe ilitoka kwetu, simu tuliikata sisi, mama huyu alitaka kusema. Na kwamba shirika litarudisha gunia kwa gunia kutoka kwenye yale yaliyobaki ghalani, ambayo Ijumaa ile yalikuwa yamwagwe nayo. Yule baba akauliza, "Na safari hii nani atasema lini kumwaga?" Bi Stella akamtazama Mama Kolumba. "Yeye. Akisema bado, ni bado, hata kama mimi nimeandika leo."

Tulichimba shimo, tukayafukia yaliyooza. Harufu ilikaa kwenye sweta langu mpaka nikaligawa.

Baada ya hapo ofisi yetu ilibadilika. Tuliacha kuhamisha vituo vyote kwa siku moja. Tulianza na kihenge kimoja, tukakingoja, tukakirekebisha, ndipo tukaenda kwa kingine. Hakuna rangi iliyopanda ubaoni bila mtu kuyagusa mahindi kwa mkono wake kituoni. Na mtunzaji aliyesimamisha kazi kwa sababu ya unyevu alitajwa kwenye kikao kwanza, kabla ya aliyemaliza mapema. Wakubwa walinung'unika kwamba tumekuwa wa polepole. Msimu uliofuata mvua ziliondoka mapema, Mama Kolumba akapiga simu mwenyewe: mahindi yamekauka, tunamwaga kesho, leteni watu. Mpango ulisema bado sana. Tuliugeuza asubuhi ileile, na Mpitimbi ikamaliza kabla ya vituo vyote. Mnaona basi, wepesi haukuwa wa kukimbia. Ulikuwa wa kusikia.

Wiki chache baada ya kumwaga alinipigia tena, nikamwuliza, habari ya vihenge. Akasema nzuri. Nikasubiri. Akasema, "Ni nzuri kweli, dada. Leo sina ila." Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba kabla ya kuweka simu chini nilimwambia dereva awashe gari, nikaenda nikapanda ngazi, nikaingiza mkono. Mahindi yalikuwa ya baridi mpaka begani.

Basi Jumatatu ijayo, ukimpigia mtu wa kituo, msalimie mpaka mwisho. Akisema nzuri, muulize, "Na kipi kinakunyima usingizi?" Halafu nyamaza, na usikate simu mpaka yeye akate kwanza.